Samli ya Mgeni

Bei zilipopanda mwaka ule, wa kwanza kuhama nyumba ya Damari hakuwa mtu, ilikuwa bangili. Bangili yenyewe ya shaba, aliyovishwa na mumewe Yotamu siku ya harusi, na kwa miaka mingi ilikuwa haitoki mkononi bila sabuni na mayowe. Sasa ikaanza kuteleza yenyewe. Siku moja akiwa anachekecha unga ikachomoka, ikadumbukia chekechekeni. Damari akaiokota, akaikung'uta vizuri ili unga wote urudi, kisha akaitundika kwenye msumari ukutani.

“Kaa hapo,” akaiambia. “Nikinenepa tutaonana.”

Ilikuwa sabini na nne ikielekea sabini na tano, na waliokuwepo hawahitaji kukumbushwa. Mvua ilikuwa imegoma nchi nzima. Sukari ilipanda bei, halafu ikapotea kabisa, ambayo nayo ni namna ya kupanda. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, kaniki, kila ukienda dukani unamkuta muuzaji amekunja mikono anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyevificha. Unga ukipatikana ni ule wa njano wa kutoka ng'ambo, watoto wanauliza ugali una ugonjwa gani. Yotamu alikuwa amekwenda kwenye kazi ya reli, huko upande wa Makambako, na alichokipata kilifika nyumbani kimeshachoka njiani.

Damari alibaki na nyumba, mlimani Loleza, juu ya mji wa Mbeya. Alikuwa na shamba dogo la mteremko, watoto wawili wa shule, na kitinda mimba, binti aliyeitwa Tusajigwe. Kwa Kinyakyusa jina hilo ni kusema tumebarikiwa. Majirani walilisikia wakakohoa. Mmebarikiwa nini, mwaka kama huu? Maana mtoto mwenyewe alikuwa amepita mwaka na miguu haijasimama. Maziwa ya mama yalikatika mapema, na uji mtupu haujengi goti.

Kuna watu wanasema kubana matumizi ni ufundi wa maskini. Waongo hao! Maskini habani, hubanwa. Anayebana ni yule anayeona mbele, na Damari aliona mbele. Alichuja majivu ya jikoni akapata maji ya kufulia. Moto wake haukuzimika, na jirani aliyekosa kiberiti alikuja na kigae kuomba kaa. Alipanda maboga hadi nyuma ya choo, na majani yake akayakausha kwa ajili ya kiangazi. Chai alikunywa bila sukari akasema ndiyo anaipenda hivyo, na huo ndio uwongo pekee aliousema mwaka ule. Pamoja na hayo yote, Tusajigwe hakusimama.

Basi siku moja ya jua kali akapita mtu.

Alikuwa mwanamume mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, anaswaga ng'ombe kuwapeleka mnadani Mbeya. Jina lake Budeba, Msukuma, mmoja wa wale waliotoka kaskazini na mifugo yao wakahamia bonde la Usangu. Sasa Usangu nako majani yalikuwa yamekwisha, naye anauza ng'ombe apate nafaka ya kuwapa watoto. Ng'ombe mmoja, mwenye mabaka meusi na meupe, mbavu zinahesabika, alifika usawa wa nyumba ya Damari akalala katikati ya njia. Akavutwa, hakunyanyuka. Akapigwa, akafumba macho.

“Usimpige, baba,” Damari akasema. “Huyo ana mimba.”

“Najua ana mimba. Ndiyo sababu simuuzi, nilimleta apate majani njiani tu. Lakini kurudi naye hawezi, na kumbeba siwezi.”

Damari akaleta maji ya ng'ombe, akaleta na viazi vya kuchemsha kwa mwenye ng'ombe, vile vidogo alivyokuwa amewawekea watoto. Budeba akala amesimama. Alipomaliza akamtazama mama huyu, akatazama majani mabichi ya mlimani yaliyokuwa bado yanapata ukungu wa asubuhi, akatazama na mtoto aliyekaa chini kama kifurushi.

“Mama,” akasema, “nikuwekeshe ng'ombe?”

“Kuwekesha ndiyo nini?”

“Kawaida yetu. Unakaa nayo, unachunga. Maziwa yako, samadi yako. Ikizaa ya kwanza, ndama ni yangu. Ikizaa ya pili, ni yako kabisa, hakuna mtu atakuuliza. Ikifa kwa ugonjwa, niletee ngozi, nitalia tu, yataisha. Ikifa kwa uzembe…” Hakumalizia. Akakuna kidevu.

“Nitalipa ng'ombe,” Damari akamsaidia.

“Ndiyo, mama. Utalipa ng'ombe.”

Damari hakuwa na ng'ombe wa kulipa. Alikuwa na shamba. Likienda shamba, yeye na wanawe wataishi hewani? Akamtazama tena Tusajigwe, akapokea kamba.

Watoto walimwita ng'ombe yule Mgeni, na Damari akacheka, akasema sawa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kweli Mgeni alilima. Mvua zilipoanza alizaa ndama jike, na tangu siku hiyo nyumba ikabadilika harufu. Samadi iliingia shambani, na mteremko ule uliokuwa unatoa viazi kwa kununa ukaanza kutoa kwa kicheko. Maziwa yaliingia kwenye uji. Tusajigwe akanywa, akanywa, asubuhi moja akashika mguu wa mama yake, kisha ukuta, akasimama. Damari alikuwa amebeba ndoo. Aliitua pale pale akapiga vigelegele peke yake, na majirani wakadhani Yotamu amerudi.

Yaliyobaki ya maziwa, matone matone, aliyatikisa kwenye kibuyu akatoa siagi, akaichemsha ikawa samli. Hiyo haikuliwa. Iliingia kwenye kibuyu kingine chenye shingo nyembamba, kikafungwa kwa gunzi, kikaning'inizwa juu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibuyu kilijaa polepole. Watoto wakubwa walikuwa wanakwenda shule na kaptula zenye viraka juu ya viraka. Damari alikuwa ameapa kwamba samli ile ikiuzwa ndiyo itakayowanunulia sare, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukinusa kile kibuyu.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna viazi, akaja mdogo wake Lusia. Lusia ameolewa Kihesa, Iringa mjini, na alishuka kwenye basi amevaa viatu vya kisigino, mkono mmoja ameshika pochi, mwingine amebana pua.

“Dada, unanuka ng'ombe!”

“Nashukuru. Wewe unanuka foleni.”

Lusia akacheka hadi akaketi. Maana ndiyo ukweli, wiki ile yote alikuwa amepanga foleni ya sukari akaambulia kusukumwa. Akavua viatu, akajifunga kanga, wakaingia shambani pamoja, huku akisimulia ya mjini: nani anauza unga wa mlango wa nyuma, nani amekata mabati ya jiko apate kodi. “Ninyi huku mnakula bure,” akawa anasema, na kila akisema hivyo Damari anamtupia kiazi.

Sasa sikilizeni kosa lilivyotokea, maana ni kosa la watu wa mlimani, mtu wa bondeni asingeweza kulifanya. Mlimani kule kila mtu huwatupia ng'ombe viazi vibovu na vilivyokatwa na jembe. Ng'ombe wa mlimani wamezaliwa navyo, wanavitafuna kama sisi tunavyotafuna muwa. Lakini Mgeni alikuwa wa bondeni. Hakuzaliwa na viazi. Damari siku zote alikuwa anampa maganda, si kwa kujua, ila kwa sababu kiazi kizima mwaka ule kilikuwa cha binadamu. Leo, mavuno yamekubali, mdogo mtu yupo, mdomo hauna breki, akainua kapu la viazi vilivyokatwakatwa na jembe, na ndani yake vizima vichache vyenye madoa, akalimimina mbele ya Mgeni kwa furaha. Kula na wewe, mama! Kazi yako hii!

Hakuwa amegeuka vizuri akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa ng'ombe. Mgeni alikuwa amenyoosha shingo, ulimi nje, mate yanachuruzika, macho yametoka pima. Akajaribu kukohoa, ikashindikana. Kidogo tu, ubavu wa kushoto ukaanza kutuna.

“Dada, amekuwaje?”

“Amekabwa! Kiazi kimemkaba! Mungu wangu, nimemuua ng'ombe wa watu!”

Yowe lile lilimleta Eliezeri. Huyu ni jirani wa chini, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye roho nzuri, na ndiye anayechinja kwenye harusi na Krismasi zote za mteremko ule. Kisu chake kilikuwa kikali kuliko mahubiri yake. Alifika anahema na kisu kikiwa mkononi tayari, na nyuma yake, jamani, watu wengine wakaanza kuchomoza wameshika mabakuli. Usiwaseme vibaya. Nyama walikuwa hawajaionja tangu siku wasiyoikumbuka, na bei ya bucha ilikuwa ya kusomewa tu.

Eliezeri akamzunguka Mgeni, akapapasa koo kwa nje. “Kipo hapa, kikubwa kama yai la bata. Mama Tusa, huyu keshakwenda. Tumuwahi kabla hajawa kibudu. Nyama tutanunua sisi wenyewe, kila mtu atatoa alichonacho, na wewe utapata pa kuanzia kumlipa mwenye mali.”

Na yalikuwa maneno ya akili, tena ya ujirani mwema, ndiyo maana yalimchoma Damari. Alimtazama Mgeni. Alimtazama Tusajigwe, aliyesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, miguu ambayo Mgeni ndiye aliyempa. Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

“Hapana, baba. Mwenyewe hakuniachia kisu. Aliniachia kamba.”

“Sasa kamba itatoa kiazi?”

“Tia mkono ukitoe.”

Eliezeri hakukataa, hapo tumpe haki yake. Aliweka kisu chini, akakunja shati, akajaribu. Mkono wake ulikuwa kama mchi wa kutwangia. Ukafika kwenye kifundo, ukakwama, Mgeni akarusha kichwa akambamiza mzee wa kanisa kwenye ukuta wa zizi. “Hauingii!” akalia. “Hakuna mkono wa kuingia humo, labda wa mtoto!”

Damari akatazama mkono wake.

Ndio ule uliokimbiwa na bangili. Mkono wa mwaka mbaya, mwembamba kama mpini wa fagio, aliokuwa anauficha kwenye kanga kanisani asionekane alivyokonda. Akauangalia kama ndiyo kwanza anauona.

“Lusia,” akasema, “kile kibuyu cha juu kilete.”

“Cha samli? Dada, si ya sare hiyo?”

“Kilete!”

“Kiasi gani?”

“Chote!”

Lusia akakimbia, akarudi, akang'oa gunzi. Ikamiminwa samli ya miezi na miezi, ya njano, yenye harufu nzuri, kuanzia kwenye vidole mpaka begani, na iliyobaki ikamwagwa kwenye ulimi wa Mgeni. Mtu mmoja mwenye bakuli akaguna kwa uchungu. Eliezeri akachukua mpini wa jembe, akaupitisha mdomoni mwa ng'ombe kati ya magego, akaushika huku na huku kwa uzito wake wote, safari hii unene ukawa na faida. “Lusia, wewe sukuma kwa nje,” akaamuru. “Kutoka chini kwenda juu. Taratibu! Hukandi unga!”

Damari akatia mkono.

Ulipita meno, ukapita ulimi, ukafika mahali pa joto na giza ambapo kila kitu kinabana. Meno yakamkwaruza, akasikia ngozi inachanika, akazidi kusukuma. Ubavu wa Mgeni ulikuwa umetuna kama ngoma na miguu ya mbele ilianza kulegea. “Anaanguka!” watu wakapiga kelele. Ncha za vidole zikagusa kitu kigumu, kinachoteleza. Kikateleza. Akakifuata. Lusia akasukuma kwa nje, na hapo Damari akakizungushia vidole vyote, akakivuta huku analia na kuita majina ya Mungu aliyoyajua kwa lugha zote alizozijua.

Kikatoka. Kiazi kimoja, kizima, kinang'aa kwa samli.

Na nyuma yake ikatoka hewa. Mgeni alicheua mcheuo mmoja mrefu, wa moja kwa moja, usoni mwa Lusia wa Kihesa, aliyekuwa ameinama kutazama. Akapepesuka, akasimama, akapumua. Halafu Lusia akajifuta uso akasema, “Sasa mimi na dada tunanuka sawa,” na kicheko kilichopasuka pale kilifika mpaka barabarani. Wenye mabakuli walicheka pia, ingawa kwa sauti ya mtu aliyeona sikukuu ikipita bila kusimama.

Damari hakucheka. Alikaa kwenye samadi, damu na samli vinachuruzika. Mgeni akainamisha kichwa, akaanza kumlamba mkono ule, kuanzia begani. Wahenga husema mkono mtupu haulambwi. Wa Damari ulikuwa mtupu kuliko yote mlimani Loleza siku ile, samli hana, sare hana, na ulilambwa mpaka ukawa safi.

“Ndaga fijo,” akawa anasema kwa Kinyakyusa, akimshukuru Mungu. “Ndaga fijo. Nisamehe, Baba. Mwaka mzima nimekulalamikia kwa sababu ya mkono huu. Kumbe ulikuwa unaniandalia.” Akalia kwa shukrani, kwa sauti, bila aibu, na Tusajigwe akaja akasimama pembeni yake, akamshika sikio kama anavyofanya akitaka kubembelezwa.

Mkono ulivimba. Lusia akaufunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akaahirisha safari ya kurudi Kihesa, akawa ndiye anayekamua. Mara ya kwanza alikamulia kwenye viatu vyake mwenyewe. Baadaye akazoea, akawa anauliza maswali: hivi mbuzi anaweza kukaa kwenye ua wa Kihesa? Na kuku je? Na samadi inauzwa?

Mkono ulikuwa bado haujafunguliwa siku Budeba alipotokea njiani. Damari alimtambua kwa urefu kutoka mbali. Mvua zilikuwa zimerudi Usangu, hilo lilikuwa limesikika sokoni. Mwenye mali amekuja kuchukua mali yake. Ndama ni wake, na Mgeni ni wake, kwa kuwa hajazaa mara ya pili. Hakukuwa na kitu cha kubishia. Asubuhi ile Tusajigwe alikuwa amekunywa kikombe kizima, na mama mtu alimtazama akifuta mdomo akawaza, haya, tushukuru kwa tulichopata, mtoto amesimama, hatakaa chini tena. Aliwaza hivyo huku macho hayabanduki zizini.

Budeba akaamkia, akaketi, akatua mfuko wa mchele wa Usangu miguuni pa Damari. “Mke wangu Mbuke amesema, kwa yule mama wa mlimani usiende mkono mtupu.” Halafu akanyanyuka akaenda zizini. Alimtazama Mgeni alivyonawiri, akamtazama ndama aliyekuwa sasa mtamba mzuri mwenye mabaka ya mama yake. Alicheka peke yake kama mtu aliyeona ndugu. Akarudi, na macho yakatua kwenye kanga iliyofungwa.

“Mkono una nini, mama?”

Damari angeweza kusema nimeungua. Hata hakufikiria. “Baba, nilitaka kumuua ng'ombe wako,” akasema, “kwa uzembe wangu.” Akaanza kueleza, lakini Eliezeri alikuwa ameshafika, maana mgeni akija mlimani habari hazihitaji miguu, naye akamnyang'anya hadithi. Akasimulia mpini wa jembe, alivyoushika, ng'ombe alivyomrusha ukutani, akasimama, akaonyesha.

“Na kisu je?” Lusia akauliza kutoka jikoni.

“Kisu… kilikuwepo,” mzee wa kanisa akasema, akakaa.

Budeba alisikiliza yote hadi mwisho. Akaomba afunguliwe ile kanga. Akaushika mkono, akaziangalia alama za meno zilivyopangana kuanzia kwenye kiwiko kwenda juu. Akarudi zizini, akamfumbua Mgeni mdomo, akampapasa koo. Damari akabaki anangoja hukumu, mikono mapajani.

“Mama,” Budeba akasema aliporudi, “tulikubaliana nini? Ya kwanza kuzaliwa ya nani?”

“Yako, baba.”

“Naichukua. Ile pale, mtamba. Na ya pili?”

“Ya pili haijazaliwa.”

“Imezaliwa.”

Watu wakatazamana. Eliezeri akageuka kuangalia zizini kama kuna ndama amempita.

“Siku ile ulitia mkono ndani, ukavuta,” Budeba akasema. “Ulitoa nini?”

“Kiazi.”

“Kiazi!” Akacheka mpaka meno yote yakaonekana. “Mama, mimi nimezalisha ng'ombe tangu sina ndevu. Unatia mkono na mafuta, mwingine anasukuma kwa nje, wewe unavuta, unalia, unamwita Mungu, halafu ng'ombe inapumua. Hiyo sisi tunaita kuzalisha. Siku ile hapa ilizaliwa ng'ombe. Ilizaliwa kubwa tu, na pembe zake.” Akaokota fimbo, akaielekeza kwa Mgeni. “Ya kwanza yangu, ya pili yako. Hiyo pale ni yako kabisa, hakuna mtu atakuuliza. Kawaida sisi hatuvunji.”

Damari hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliinuka. Alimshika Budeba mikono yote miwili, kwa mkono wake mzima na ule mbovu. Na unajua alichosema, yeye ambaye asubuhi alikuwa anaaga maziwa moyoni?

“Na nyumbani kwako watakunywa nini?”

“Ng'ombe zimekufa nyingi, mama. Zimebaki chache. Lakini hizo chache zimezaa, na majani yamefika magotini. Watakunywa. Usitafute sababu ya kunirudishia.”

“Ndaga fijo, baba. Ndaga fijo.”

“Wabeja wewe,” Budeba akajibu kwa Kisukuma, naye anashukuru. “Wabeja sana.”

Walipika mchele ule siku hiyo hiyo, na maziwa ya Mgeni, na majani ya maboga, na majirani wakaitwa na mabakuli yao. Nyama haikuwepo na hakuna aliyeuliza. Eliezeri ndiye aliyetakiwa kusali. Akashukuru kwa mvua, kwa reli, kwa bonde la Usangu, kwa Kihesa, kwa ng'ombe mwenye pembe aliyezaliwa upya, mpaka Damari akamwambia amina, baba, chakula kinapoa. Kisha akamwomba jambo moja.

“Kile kisu chako, niazime.”

“Cha nini tena?”

“Njoo nikuonyeshe.”

Akampeleka penye kapu la viazi vyenye madoa, akamvutia kigoda. Mzee wa kanisa akakaa, akakata viazi vyembamba vyembamba, kapu zima, huku ananung'unika kwamba kisu cha harusi kimefanywa cha ng'ombe, na Mgeni anavila mkononi mwake kipande kwa kipande. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake, na malipo yake kikombe cha maziwa.

Lusia alipofunga safari ya kurudi Iringa, na kuku wawili kwenye kikapu na mbegu za maboga kwenye pochi, aliiona bangili pale msumarini. Akaishusha, akaipangusa vumbi.

“Dada, si uivae sasa? Maziwa unayo, mchele umekula. Umeanza kurudi mwilini.”

Damari akaipokea, akaipitisha mkononi. Ilishuka mpaka kiwikoni, lakini safari hii ilitaka kusukumwa kidogo. Akaitazama, akamtazama Mgeni kule zizini, kisha akaivua akairudisha msumarini.

“Iache kwanza,” akasema. “Mgeni hajajua vizuri kula viazi.”